Siti za ngozi za umeme kwenye Harrier: kisa cha kazi iliyoanzia kwenye ngozi

Gari ni Toyota Harrier ya kizazi cha pili, ile iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 2003, yenye injini ya 2AZ-FE ya lita 2.4. Lilifika nchini likiwa na siti za kitambaa, zile za kuvuta chuma chini ili kusogea na kuvuta mkono wa pembeni ili kulaza mgongo. Mwenye gari ni mama mfanyabiashara wa parachichi hapa Njombe. Alitaka mambo matatu kwa mkupuo: ngozi badala ya kitambaa, mota badala ya vyuma vya kuvuta, na joto.

Kabla sijaendelea niseme wazi kwamba hitaji lake lilikuwa la haki. Njombe iko juu, kiasi cha mita 1,900 na ushei, na kati ya Juni na Agosti alfajiri ya huku hairuhusu mchezo. Mama huyu huondoka kabla jua halijatoka kuwahi mzigo, na ana mgongo unaomsumbua. Kampuni ya Saab ya Sweden ilikuwa ikiuza magari yenye joto kwenye kiti cha dereva tangu mwanzo wa miaka ya 1970, kwa sababu ileile iliyomsukuma huyu mama: mtu aliyekakamaa kwa baridi haendeshi vizuri. Kwa hiyo tusianze kwa kumwambia kwamba alifuata anasa. Kilichoharibika ni namna kazi ilivyofanywa.

Gari liliponifikia, siti za ngozi zilikuwa tayari zimefungwa na fundi mwingine. Malalamiko yalikuwa mawili. Siti ya dereva ilikuwa imerudi nyuma mpaka mwisho na imegoma kusogea mbele. Pili, joto likiwashwa kwa muda, ndani kunaanza kunuka plastiki inayoungua.

“Fundi, mimi nadhani ni fyuzi tu,” alisema.

“Inawezekana, mama. Ila naomba niitoe siti kwanza niangalie chini, ndipo niseme.”

Niliwasha swichi bila kupiga stata. Taa ya eabegi, ule mfuko wa hewa unaofumuka kumkinga mtu gari likigongwa, ikawaka kwenye dashibodi, ikakaa sekunde chache, ikazimika. Ndivyo inavyotakiwa. Mtu yeyote angeitazama taa hiyo akasema upande wa usalama uko salama, na hapo ndipo kisa hiki kinapokuwa kizito kuliko fyuzi.

Kutoa siti ya umeme iliyogoma kuna mtego wake. Siti ya Toyota hushikwa na boliti nne za spana 14, mbili mbele na mbili nyuma. Ukitaka za mbele, siti inabidi irudi nyuma. Ukitaka za nyuma, isogee mbele. Hii ilikuwa nyuma kabisa, kwa hiyo boliti mbili zilikuwa zimefichwa na reli. Nilichomoa waya wa negativu wa betri ya gari nikasubiri. Vitabu vya Toyota vinataka angalau sekunde 90 kabla ya kugusa chochote cha eabegi, kwa sababu kompyuta yake ina akiba ya umeme ndani. Mimi husubiri zaidi ya hapo. Kisha nikachukua betri ndogo ya pikipiki ya volti 12 nikapeleka umeme moja kwa moja kwenye mota ya reli. Siti ikatembea bila kusita. Mota ilikuwa nzima, kwa hiyo tatizo lilikuwa kwenye umeme unaoifikia.

Siti ilipoinuliwa, kilichokuwa chini yake kilinikalisha kitako.

Kwanza, haikuwa siti ya Harrier. Ilitoka kwenye gari jingine la Toyota, tena la usukani wa kushoto, kutoka Ghuba. Soko la vipuri vilivyotumika la Sharjah, huko Falme za Kiarabu, hulisha Afrika Mashariki kwa wingi, na ngozi zinazotoka huko mara nyingi ni nzuri kweli. Lakini kwenye gari la usukani wa kushoto, siti ya dereva, yenye mota nyingi na swichi nyingi, ndiyo ya kushoto. Fundi wa kwanza alitaka mama apate ile nzuri zaidi, akaifunga kulia. Ukiifunga kulia, kila kitu kinageuka. Swichi za kusogeza zinabanwa kati ya siti na boksi la katikati, mkono hauingii. Kishikio cha mkanda kinaangukia upande wa mlango. Alikikata akakihamishia ndani kwa boliti ambayo haikutoka kiwandani. Na eabegi ya pembeni, ambayo hukaa ubavuni mwa mgongo wa siti upande wa mlango ili imkinge mtu gari likigongwa ubavuni, sasa ilikuwa inatazama katikati ya gari. Lebo ya SRS AIRBAG ilikuwa inaonekana vizuri tu, upande usio wake.

Reli nazo hazikulingana na matundu ya sakafu ya Harrier. Alichomelea vipande vya chuma bapa kama daraja, juu vimeshika reli, chini vimeshika sakafu. Siti ikatulia, haikucheza hata kidogo. Ila kutulia gari likiwa limeegeshwa si kipimo. Kanuni namba 17 ya Umoja wa Mataifa kuhusu siti za magari inataka siti na vishikizo vyake vihimili msukumo wa mara 20 ya nguvu ya uvutano kwa milisekunde 30. Siti ya ngozi yenye mota ina uzito wa kama kilo 30. Zidisha kwa 20: ni sawa na kuvuta vishikizo hivyo kwa uzito wa kilo 600, na hapo mwenye siti hajakaa. Kishikio cha mkanda kikiwa kimefungwa kwenye siti yenyewe, sehemu ya uzito wa mtu wakati wa ajali nayo inapita kwenye vyuma hivyohivyo. Mchomeleo ule ulikuwa na vitundu vya hewa unavyoviona kwa macho, na chuma kilishaanza kupata kutu pembezoni.

Cha tatu kiliniuma zaidi. Plagi ya njano inayotoka sakafuni, ambayo kwenye gari la Toyota maana yake ni eabegi na si kitu kingine, ilikuwa imekatwa. Waya mbili za upande wa gari zilikuwa zimezungushiwa utepe mweusi. Niliufungua taratibu. Ndani kulikuwa na rizista ndogo, yaani kipande cha kukinza umeme, nyembamba kuliko punje ya mchele, imeunganishwa kati ya waya mbili kwa risasi ya kuungia waya. Upande wa abiria, hivyohivyo.

Nieleze maana yake, kwa sababu kitu hiki kinafanywa sana na wenye magari hawaambiwi. Kompyuta ya eabegi hupitisha umeme mdogo sana kwenye kila saketi na kupima ukinzani wake, ambao kwa kawaida ni omu chache tu. Saketi ikikatika, ukinzani unaruka, kompyuta inaandika kosa na kuwasha taa. Fundi aliona plagi ya siti mpya haiingiliani na ya gari, taa imewaka, mteja atauliza. Akaweka rizista yenye omu zinazokaribia zile. Kompyuta ikasoma kwamba eabegi ipo, ikazima taa. Siku ya ajali ingetuma umeme wa kufyatua kwenye rizista ya shilingi mia. Mama huyu alikuwa ameendesha gari hilo akiamini ana kinga mbili za ubavuni ambazo hazikuwepo, na taa ya dashibodi ikimhakikishia kila asubuhi kwamba zipo. Taa inayowaka ingemtendea haki zaidi.

Ile harufu ya kuungua, baada ya hayo, ilikuwa rahisi kuieleza. Umeme wa siti zote mbili, mota na joto kwa pamoja, ulikuwa umechukuliwa kwenye waya wa laita ya sigara. Saketi ile kwa kawaida hulindwa na fyuzi ya ampia 15. Mota moja ikifika mwisho wa reli na mtu bado amebonyeza swichi inaweza kuvuta ampia 20 au zaidi kwa muda mfupi. Fyuzi ilikata, ikawekwa ya 30. Kuanzia hapo kilichokuwa kinalindwa na fyuzi kikawa hakilindwi tena, kwa sababu waya wenyewe ni mwembamba kuliko fyuzi. Nilipofunua kapeti niliukuta ganda lake limelainika na kushikamana na zulia kwa urefu wa kiganja, rangi imebadilika kuwa kahawia. Kwenye maungio yaliyosokotwa kwa mkono, shaba ilishakuwa nyeusi. Volti zilikuwa zinafika chini ya siti zikiwa chache mno kusukuma mota yenye mtu juu yake. Ndiyo maana siti iligoma kwa umeme wa gari, ikatembea kwa betri ya pikipiki.

Ukiyapanga makosa haya unaona hayakutokea chini ya siti. Ukiacha ule waya wa laita, yote yalizaliwa dukani, saa ya kuchagua seti. Siti ya gari jingine ilileta reli nyingine, reli ikaleta kuchomelea. Usukani wa kushoto ulileta eabegi iliyogeuka na kishikio kilichokatwa. Plagi isiyoingiliana ikaleta rizista. Aliyechagua alitazama ngozi. Siti ni kifaa cha usalama kilichovikwa ngozi, na ukiinunua kwa kutazama vazi lake, fundi atakayefunga atalazimika kukata na kuchomelea hata kama ni mtu mwangalifu.

Bahati ilikuwa moja: mama hakuziacha siti za zamani kwa fundi. Zilikuwa stoo nyumbani kwake, zimefunikwa turubai. Nilimwomba azilete, tukazirudisha za kitambaa ili gari litumike wakati tunatafuta. Pia ndizo zilizotupa kipimo. Unapokuwa na siti ya asili mkononi huhitaji kubahatisha. Unalinganisha matundu ya reli, plagi na lebo.

Kulikuwa na njia ya kushona ngozi juu ya siti zake za zamani. Ni nafuu, na mafundi washonaji wetu wana mikono mizuri. Nilimshauri asiifuate kwa siti zake, na si kwa sababu ya mota tu. Eabegi ya ubavuni hutoka kwa kupasua mshono maalumu wa kava, uliotengenezwa uachie mahali pale na kwa haraka ileile iliyopimwa kiwandani. Ukiushona kwa uzi wa nailoni wa kushonea mabegi, au ukavisha kava nzito juu yake, eabegi inachelewa au inatokea pasipotakiwa. Kava za kuvalisha zinazouzwa barabarani ziko hatarini hivyohivyo kwa gari lolote lenye lebo ile ubavuni. Fundi mshonaji anayelijua hili huacha mshono ule kama ulivyo au hushona kwa uzi wa aina iliyokuwepo. Wapo, lakini inabidi umuulize kabla hajashika mkasi.

Tulikwenda na seti ya Harrier ya kizazi hichohicho, usukani wa kulia, iliyotoka Japani na kupatikana Dar es Salaam, maeneo ya Ilala. Niliyemtuma alikwenda na picha za plagi zote za chini, na betri ya pikipiki. Muuzaji hakupenda betri ile mwanzoni, lakini siti isiyo na kompyuta ya kukumbuka mkao inajaribika palepale dukani: unapeleka umeme na athi (waya wa negativu) kwenye plagi yake kubwa, unabonyeza kila swichi, unasikiliza. Mota inayokwaruza au kusita ina gia za plastiki zilizolika. Zile zenye kumbukumbu ya mkao nilimwambia aziache, maana zinapitisha amri kwenye kompyuta inayotaka kuongea na gari, na gari la siti za mkono halina lugha hiyo. Nilisisitiza pia plagi za upande wa gari zikatwe zikiwa na mkia wa waya wa kutosha. Plagi isiyo na mkia ni ya kuchezea watoto.

Tahadhari moja kwa wanaokutana na siti za magari yaliyotengenezwa kwa soko la Marekani. Sheria yao ya FMVSS 208 kuhusu eabegi za kisasa ilianza kutekelezwa kwa awamu kati ya 2003 na 2006. Tangu hapo siti ya abiria huko hutambua ni nani amekaa, na kwenye magari mengi ya Toyota hilo hufanywa na vipimio vya uzito vilivyo kati ya fremu na reli. Vinahitaji kompyuta yake na kuwekwa sawa kwa mashine baada ya kufungwa. Ukiifunga kwenye gari la Japani, vipimio hivyo vinabaki mzigo.

Seti iliyopatikana ilikuwa ya ngozi, ya umeme, plagi za njano zikiingiliana na za gari bila kukatwa hata waya mmoja. Haikuwa na joto. Hilo halikunisumbua, kwa sababu pedi za joto za nyuzi za kaboni zinazouzwa kando hufanya kazi nzuri zikiwekwa kwa adabu. Unatoa kava ya makalio na ya mgongo kwa kukata zile pete za waya zinazoishika kwenye sponji, unalaza pedi juu ya sponji, unarudisha kava kwa pete mpya. Pedi isikunjwe, na isivuke ule mfereji wa kava ikabanwa na pete, kwa sababu pale ndipo itakapoungua. Kwenye mgongo niliiweka katikati tu, mbali na eabegi na mkondo wake wa kutokea. Kwenye siti ya abiria kuna utando wa kutambua kwamba mtu amekaa kwa ajili ya taa ya mkanda. Pedi isiulalie ukapinda.

Upande wa umeme nilianza kwenye boksi la fyuzi. Magari mengi ya Toyota hutumia boksi moja kwa viwango vyote, hivyo mfuniko unaweza kukuonyesha nafasi ya P/SEAT (mota za siti) na ya SEAT HTR (joto la siti) hata kama gari halikuja na vitu hivyo. Usifurahi mapema. Mulika tochi ndani ya tundu: kama hakuna meno ya shaba, hakuna waya, na fyuzi utakayochomeka haitalisha chochote. Hapa hayakuwepo. Nikavuta waya mpya kutoka betri, fyuzi ya 30 ikiwa karibu kabisa na terminali, waya wa milimita 4 za mraba, ukapita kwenye mpira wa ukuta wa injini na chini ya plastiki ya kizingiti cha mlango mpaka chini ya siti. Mota zinapewa umeme wa wakati wote. Joto linapitia rilei, swichi inayoendeshwa kwa umeme, inayopitisha umeme gari likiwa limewashwa tu, na fyuzi yake peke yake, ili mtu asiache siti inapasha usiku kucha akakuta betri imekufa. Kila siti kwa joto la juu ilivuta kati ya ampia 4 na 5, kiasi cha wati 55, mzigo ambao alternata haiuoni. Athi niliirudisha kwenye boliti ya bodi, palipo na waya mweupe wenye mstari mweusi ambao Toyota hutumia kwa athi, nikakwangua rangi mpaka chuma king’ae.

Plagi za njano zilizokuwa zimekatwa na fundi wa kwanza sikuziunga kwa utepe. Zilibadilishwa kwa vipande vizima vya waya kutoka gari la aina hiyohiyo, vikaungwa kwa vibanio na kufungwa mpira wa kusinyaa. Na kamwe sikuweka mita ya omu kwenye eabegi yenyewe. Umeme mdogo wa mita unaweza kuifyatua. Boliti za siti zilikazwa kwa spana ya kipimo, Nm 37, kipimo ambacho Toyota huandika kwa siti za magari yake mengi. Betri ikarudishwa mwisho, siti zote zikiwa zimechomekwa, kwa kuwa ukiwasha swichi na plagi ya njano ikiwa wazi utajiandikia kosa mwenyewe. Kisha nikasoma kompyuta ya eabegi kwa mashine inayoifikia, maana vile visomeo vidogo vya bei rahisi huishia kwenye injini. Ilisoma saketi zote mbili za ubavuni, na safari hii ilikuwa inasoma eabegi.

Kabla ya kumkabidhi nilimuuliza kama ana kisukari au ganzi ya miguu au mgongo. Aliona ni swali la hospitali. Lakini joto la nyuzi 44 likikaa kwenye ngozi ya mtu kwa saa nyingi linaunguza, na mtu mwenye ganzi hasikii onyo. Alisema hana. Hata hivyo nilipima uso wa siti kwa kipimajoto cha mwanga, gari likiwa limesimama na joto liko juu, nikahakikisha kidhibiti kinakata kabla ya kufika huko. Nikamwonyesha mumewe pia, kwa sababu yeye ndiye hulala kwenye siti ya abiria safari za Dar es Salaam.

Siti ya nyuma imebaki ya kitambaa. Rangi yake hailandani sana na ngozi ya mbele, na aliniuliza kama ataishona. Nilimjibu kwamba ile haina eabegi wala mota, fundi mshonaji yeyote mzuri wa Njombe anaweza kuifanya, ila mikanda ya nyuma na vishikio vyake vitolewe na kurudishwa kwa boliti zilezile. Ndani ya boksi la dashibodi nimemwachia karatasi inayoonyesha fyuzi mpya ziko wapi, rilei iko wapi na waya umepita wapi. Zile siti za Ghuba zimeuzwa kwa mtu mwenye gari la aina yake, la usukani wa kushoto, anayefanya safari za Kongo.